Namba za Fundi Hemedi

Karakana ya Hemedi Obeid pale Kaloleni ilikuwa chumba kimoja cha mlango wa bati, na Inspekta Dalmas Waliaula aliingia humo asubuhi ya Alhamisi kwa mwendo wa mtu aliyemaliza kazi akabakiza kupiga mhuri tu. Kesi ya Dorca Awuor ilikuwa saa nane mchana huo. Kiongozi wa mashtaka alitaka kitu kimoja kabla ya hapo: maelezo ya fundi anayeijua printa ya zahanati ya Ahero, aseme mashine ile ni nzima na haina hila. Nusu ukurasa na sahihi. Waliaula alikuwa ameshayatunga maneno yenyewe njiani.

Kesi ilikuwa safi, au ndivyo alivyojiambia kwa siku kumi. Tarehe saba ya mwezi huo wa Machi, 1996, watu wa Ahero waliamka wakakuta karatasi imebandikwa kwenye ukuta wa kinu cha kusagia unga. Ilikuwa na majina ishirini na matatu, na juu yake kichwa kilichosema hawa ni watu waliopimwa damu Januari katika zahanati ndogo ya nyuma ya soko. Ugonjwa wenyewe haukuhitaji kutajwa. Kabla ya saa sita wanawake wawili walikuwa wamerudishwa kwao na masanduku yao, na mwalimu mmoja alikuwa amefunga nyumba akaenda kusikojulikana. Dorca ndiye aliyekuwa sekretari wa zahanati, na ufunguo wa chumba cha kompyuta ulikaa kwake.

Waliaula alichukua rula akaipima ile karatasi. Mstari wa kwanza ulianza milimita kumi na nane kutoka juu, na herufi za kwanza milimita thelathini na moja kutoka kushoto. Akapima printa nne za Ahero. Ya zahanati peke yake ililingana. Gazeti moja liliandika habari za "mpelelezi wa rula", naye akalikata akalitunza kwenye droo.

"Karibu, Inspekta," alisema Hemedi. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kofia iliyodariziwa na vidole vyeusi kwa unga wa wino.

"Nina haraka, Bwana Hemedi. Printa ya zahanati ya Ahero unaijua?"

"Naijua sana. Mimi ndiyo nilitia bodi mpya."

"Lini?"

Hemedi akafungua daftari lake la kazi, akalamba kidole, akageuza kurasa. "Jumatano, tarehe kumi na tatu Machi."

Kalamu ya Waliaula ikasimama. "Unataka kusema Februari."

"Machi hii hii, Inspekta. Radi ilipiga hiyo mashine Jumamosi ya tarehe mbili, ile mvua ilileta maji mpaka kwa barabara. Bodi ikaungua. Nikangoja bodi ingine itoke Nairobi."

"Kutoka tarehe mbili mpaka kumi na tatu haikuchapa kitu?"

"Hata nukta."

Orodha ilibandikwa tarehe saba. Hapo hapakuwa na haja ya rula.

Kitu cha kwanza kilichomjia Waliaula ni sauti ya Dorca siku ya kumhoji: "Afande, hiyo mashine ilikuwa imekufa wiki hiyo." Alimjibu kwa kuiwasha mbele yake. Ikanguruma, ikatoa karatasi. "Maiti gani hii inatema karatasi?" aliuliza, na makonstebo wawili wakacheka, naye akafurahi kwamba wamecheka. Sentensi ile hakuiandika kwenye maelezo ya Dorca. Aliiona ni uongo mdogo usiostahili wino. Sasa masikio yake yaliwaka moto.

"Lakini zinalingana," alisema, akatoa nakala ya orodha. "Nimepima mwenyewe."

Hemedi aliishika kwenye mwanga wa mlango. Akatabasamu kama mtu aliyekutana na rafiki sokoni. "Hii ni kazi yangu kabisa." Halafu tabasamu likamtoka usoni.

"Kazi yako vipi? Sema, Bwana Hemedi."

"Sikiza, Inspekta. Printa iko na namba zake za ndani. Zinaiambia anza hapa, wacha nafasi hii juu, hii kwa upande. Hizo namba zinakaa kwa bodi. Ukitoa bodi, ile mpya inakuja kama mtoto amezaliwa leo, haijui kitu. Lazima fundi airudishie. Unashika vitufe viwili, unawasha, inakufungulia mahali pa fundi, unaandika moja moja."

"Na wewe unazitoa wapi?"

"Fundi wa kweli anachapa karatasi ya namba kabla hajatoa bodi ya zamani, anakopi. Lakini mashine imepigwa na radi itachapa nini?" Hemedi aliinamisha macho. "Basi mimi naweka zangu."

Akageuza daftari mpaka ndani ya jalada. Palikuwa na namba sita za wino mwekundu, zimefunikwa na plastiki zisifutike. Alizinakili mwaka wa tisini na moja kutoka printa ya kwanza aliyotengeneza maishani, ya kiwanda cha pamba kule ufuoni.

"Karatasi yao ilikuwa na utepe wa rangi huku kushoto," alisema. "Ndiyo maana namba zinasukuma maandishi kulia. Mimi nilifikiri ni namba ya printa zote duniani. Wakati nilijua, nilikuwa nimeshazitia kwa nyingi, nikaona haya kurudi kwa wateja. Wakilalamika herufi za mwisho zinakatika, nawaambia karatasi yenu ndiyo mbaya. Nisamehe, Inspekta."

Waliaula hakuwa na nafasi ya kusamehe mtu. Alifungua faili lake mwenyewe. Ukurasa wa sita palikuwa na barua ya Dorca ya kuomba likizo, ya tarehe kumi na tano Januari, iliyochapwa na printa ile ile ya zahanati kabla ya radi. Akaweka rula. Kushoto milimita ishirini na nne, si thelathini na moja. Barua hiyo alikuwa amelala nayo siku kumi, na hakuwahi kuipima kwa sababu alikuwa ameshapata alichokuwa akikitafuta.

"Mwaka huu, kabla ya tarehe saba Machi, ni mashine ngapi umezitia hizo namba?"

"Mbili tu. Moja ya wakili, lakini alihama nayo Eldoret mwezi wa kwanza." Kidole cha Hemedi kikashuka mstari mmoja, kikatulia.  Aliligeuza daftari polepole ili mgeni wake asome mwenyewe.

Ijumaa, 23 Februari. Ofisi ya Inspekta Waliaula. Chumba cha taipisti.

*

Walikwenda pamoja, Hemedi akiwa nyuma hatua mbili. Chumba cha taipisti kilikuwa upande wa uani, na Elsie Wakhisi, mama wa makamo aliyechapa barua za ofisi hiyo kwa miaka kumi na mmoja, alishangaa kumwona bosi wake akiiendea printa na rula mkononi. Waliaula alichapa barua ya zamani, yoyote. Juu kumi na nane. Kushoto thelathini na moja.

"Elsie, mwezi huu umechapa kitu cha zahanati ya Ahero hapa?"

"Si ni wewe ulinituma, mzee?"

"Nilikutuma nini?"

"Zile disketi tulishika Awasi. Ulisema nichape kila kitu iko ndani, upate kuandika vielelezo. Ilikuwa tarehe tano."

Wezi walikuwa wamevunja zahanati Januari wakabeba kompyuta na sanduku la disketi, na Waliaula ndiye aliyewakamata Awasi. Kompyuta aliirudisha. Disketi alizibakiza kwa ajili ya kesi. Kwa kuwa orodha ilikuwa pia ndani ya kompyuta ya zahanati, hakuwahi kuziwazia tena zile zilizokuwa kwenye kabati lake, hatua nne kutoka kwenye kiti chake.

Elsie alifungua kabati, akaleta bahasha ya vielelezo. Ndani yake karatasi ilikuwa imechapwa kwa upana. Majina ni yale yale ishirini na matatu, lakini upande wa kulia palikuwa na safu moja zaidi, ambayo haikuwepo kwenye ukuta wa Ahero.

Majibu.

"Kwa nini hii ni ya upana?"

"Ile ya kwanza ilikatika, mzee. Tangu bodi ibadilishwe, hii mashine inasukuma maneno kulia, safu ya mwisho inaanguka nje. Nikageuza, nikachapa tena. Zile mbaya nilikuletea uone."

Hemedi aliangalia sakafu.

"Zile mbaya nilizifanya nini?" Waliaula aliuliza, na tayari alikuwa anakumbuka.

"Ulikuwa unatoka kwenda chai," alisema Elsie kwa sauti ndogo. "Ulisema zitamfaa Mama Perez."

Waliaula alisoma ile safu. Hana. Hana. Hana. Wanawake wawili waliorudishwa kwao na masanduku, wote wawili: hana. Mwalimu: hana. Alisoma mpaka chini na akaona kwamba wengi wa watu wale hawakuwa na kitu. Ukuta wa kinu ulionyesha majina bila majibu, na Ahero ilijijibu yenyewe. Alitaka kukaa, lakini mbele ya Elsie na Hemedi aliona haya hata ya kuvuta kiti.

*

Mama Perez alikaanga mandazi nje ya geti la ofisi ya Waliaula. Karatasi zilizoharibika za ofisi zote za mtaa ule zilikwenda kwake, na yeye akafungia mandazi. Aliyemletea bunda alipewa andazi moja la nyongeza, na hakuna aliyeliona hilo kuwa kosa. Watu walisema ni kutotupa mali.

"Yawa, Afande, leo mapema hivi?" Akamfungia mawili bila kuulizwa. Karatasi ilikuwa orodha ya baiskeli zilizoibwa, ya ofisi ya Waliaula, na mafuta yalishaanza kuchora duara mbili katikati yake.

Waliaula alizitazama zile duara. Orodha ya ukutani ilikuwa na madoa kama hayo hayo. Kwenye ripoti yake aliandika: "Mafuta ya chipsi, mshtakiwa ana tabia ya kula mezani." Kiongozi wa mashtaka aliipenda sana hiyo.

"Mama, watu wa Ahero hununua kwako?"

"Wengi. Wakingoja gari wananunua ya kubeba, hata kumi, hata ishirini. Hizo nafungia na karatasi mzima."

"Na karatasi huwa unasoma?"

"Mimi sisomi, baba. Naangalia tu kama iko safi." Alimkazia macho. "Kwani ulinipea mbaya?"

"Ndiyo, Mama," alisema Waliaula. "Nilikupa mbaya."

*

Kiongozi wa mashtaka alimsikiliza kwenye ukumbi wa mahakama, saa saba na robo, akiangalia saa yake. "Basi tunaondoa kesi. Nitasema ushahidi hautoshi," alisema. "Yanaishia hapo. Hakuna haja ya wewe kujianika, Dalmas. Aliyeibandika utamtafuta polepole."

Ilikuwa njia pana na rahisi, na Waliaula hakujidanganya kwamba hakuitamani. Alishuka kwenye seli za chini huku bado akiitamani.

Dorca Awuor alikuwa ameketi kwenye benchi la simiti, nguo ile ile ya siku aliyokamatwa, imefuliwa ikanyooshwa kwa mkono. Hakusimama. Waliaula alieleza yote akiwa wima: radi, bodi, namba za Hemedi, disketi, mandazi. Alieleza vibaya, akirudia rudia kama mwanafunzi aliyeitwa mbele.

"Kwa hivyo ni mandazi," alisema Dorca.

"Ni mimi."

"Nilikuambia mashine ilikuwa imekufa."

"Uliniambia."

"Uliandika?"

"Sikuandika."

Dorca alitikisa kichwa taratibu. "Siku kumi. Mama mkwe wangu hajakuja hapa hata mara moja. Mtoto wa dada yake jina yake iko kwa hiyo list. Bwana yangu amekuja mara moja, akaniuliza kama nililipwa."

Kilichomtoka Waliaula ni kile alichopewa juu ukumbini. "Leo utaachiliwa. Watasema ushahidi hautoshi."

"Hautoshi?" Dorca alisimama sasa. "Nirudi Ahero na hautoshi? Watu watasema nimehonga hakimu. Afande, hapa kortini hakuna mtu wa Ahero. Ulinitoa zahanati mchana, na pingu, wagonjwa wakiangalia. Nirudishe mchana. Useme na mdomo yako."

Njia pana ikafungwa. Cha ajabu ni kwamba Waliaula alipata nafuu. "Nitasema," alijibu. "Nitasema kila kitu. Na nitawaambia majibu, Mama. Nimeyaona. Wengi ni wazima, wale wanawake wawili hawana hata..."

"Nyamaza!"

Askari wa zamu akachungulia. Dorca akashusha sauti, lakini kidole chake kilibaki mbele ya kifua cha Inspekta.

"Ukisema wengi ni wazima, kesho wataanza kuhesabu nani si mzima. Umefikiria hao? Jibu ni ya mwenye damu yake. Anakuja, anaonyesha kadi, daktari anamwambia mlango ikiwa imefungwa. Mimi mwenyewe nachapa hiyo list, na sijawahi kumwambia hata bwana yangu. Na wewe unataka kusoma kwa soko. Sema yako. Ya watu wacha."

Waliaula aliinamisha kichwa. Mwanamke huyu asingeweza kubandika orodha ile hata kwa kupigwa, na hilo lingeonekana siku ya kwanza kama angemwuliza swali moja la kazi yake na kungoja jibu. Badala yake alipima karatasi. Aibu iliyokuwa masikioni tangu asubuhi ikamshuka kifuani, ikakaa.

*

Hakimu alimwachilia Dorca saa nane na dakika ishirini. Saa kumi gari la kazi lilisimama mbele ya kinu cha Ahero, na Waliaula alimfungulia Dorca mlango mbele ya watu walionyamaza mmoja baada ya mwingine mpaka ikabaki sauti ya mashine ya kinu peke yake. Mwenye kinu akaizima, apate kusikia.

"Naitwa Inspekta Waliaula," alisema. "Ni mimi nilimkamata huyu mama hapa. Nilikosa. Mashine yake ilikuwa imekufa siku hizo, na aliniambia, nikakataa kumsikia. Ile karatasi ilitoka ofisini kwangu. Niliitoa kwa mkono wangu, nikaipeleka ikafungiwe mandazi, sikuangalia ni nini. Mtu wa hapa aliikuta kwa mandazi yake akaibandika, huyo nitamtafuta. Lakini aliyeitoa ni mimi. Dorca Awuor hakutoa jina la mtu yeyote."

  Bibi mmoja wa samaki alitema mate kando ya ndoo yake na kuendelea kuwafukuza nzi.

Halafu mwanamume mmoja akasogea mbele, mrefu, shati limefungwa vibaya. Waliaula hakumjua mpaka alipoanza kusema.

"Mimi ni Obiero. Bibi yangu alikuwa namba nane. Hiyo karatasi ilikuwa na majibu?"

"Ilikuwa nayo. Ilikatika."

"Umeona?"

"Nimeona."

"Basi sema." Obiero akasogea hatua nyingine. "Nilimrudisha kwao. Watoto wananiuliza kila siku. Wewe sema tu neno moja, Afande. Iko ama haiko?"

Waliaula alikuwa nalo hilo neno moja mdomoni, neno jema, na lingemfanya mtu wa kupendwa pale kwa dakika tano. Watu wote walikuwa wakilingoja. Akamtazama Dorca. Dorca hakumsaidia kwa ishara yoyote.

"Siwezi kusema," alijibu Waliaula. "Jibu si langu. Ni lake."

Mnong'ono ukapita. Mtu akasema polisi ni mbwa, na mwingine akakubali. Dorca ndiye aliyeenda mpaka alipokuwa Obiero, akasimama karibu naye kama mtu anayezungumza na jirani.

"Kesho saa mbili zahanati iko wazi, Obiero. Yeye akitaka, aje na kadi yake. Akikubali uingie naye, utaingia. Wewe pia utapimwa."

"Yuko kwao, Kombewa."

"Basi nenda umwombe msamaha kwanza. Jibu haina haraka."

Obiero alifunga vifungo vya shati lake upya, kimoja kimoja, akikosea na kurudia. Waliaula alifungua mlango wa gari la kazi. "Kombewa ni mbali," alisema. "Twende, nitakupeleka."

Obiero alilitazama gari, kisha akamtazama yeye, bila hasira yoyote.

"Hapana, Afande," alisema. "Karatasi yako ilitosha. Wewe usifike kwa bibi yangu." Akapita kando ya mlango ulio wazi, akaelekea barabarani kutafuta gari la abiria.